Kiatu cha Baniani Mlangoni pa Hekalu

Methali ya pwani isemayo "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" imezoeleka kiasi kwamba hutamkwa bila Baniani mwenyewe kufikiriwa. Hutumiwa pale mtu anapolazimika kuomba msaada kwa asiyempenda, na waalimu wa methali huifasiri kuwa ni onyo dhidi ya dharau: usimtupe mtu, huenda kesho ukamhitaji. Tafsiri hiyo ni sahihi, ila haiimalizi methali. Nusu ya kwanza inamhukumu mtu. Nusu ya pili inakisifu kitu chake. Dawa ya kiatu haimponyi mwenyewe ubaya aliokwisha kupewa. Kiatu kinakaribishwa ndani, na mwenye kiatu anabaki barazani. Hapo limejificha swali ambalo methali haikulijibu: je, kufaidika na mtu ni sawa na kumkubali? Na kama si sawa, kumkubali ni nini hasa, na hujulikana kwa dalili gani?

Swali hili lina mahali pake pa kuulizwa, napo ni Maskati. Katika mji mkongwe, hatua chache kutoka Kasri la Alam, ambalo jengo lake la sasa lilijengwa mwaka 1972, lipo hekalu la Shiva liitwalo Motishwar Mandir. Upande wa bahari zimesimama ngome mbili za Jalali na Mirani, zilizojengwa na Wareno katika karne ya 16. Nyuma yake ni majabali makavu yasiyoota hata jani. Kwa mapokeo ya wenyewe, hekalu lilianzishwa na Mabhatia, wafanyabiashara wa Kihindu kutoka Kutch, zaidi ya karne moja iliyopita. Ndani yake huabudiwa Shiva kwa jina la Mahadeva, yaani Mungu Mkuu, na pembeni yupo Hanuman. Kuna pia kisima ambacho waumini hukisifu kwa kutokauka katika nchi yenye kiu. Usiku wa Shivaratri, unaoangukia Februari au Machi, maelfu ya watu hupanga mstari wakisubiri zamu ya kumimina maji na maziwa juu ya lingamu, jiwe lisilo na uso ambalo ndilo alama ya Shiva.

Mlangoni kila mtu huvua viatu. Desturi hii haimshangazi Mwislamu, kwa kuwa ndiyo desturi ya msikitini kwake. Lakini kwa anayeijua methali ya pwani, viatu vile vilivyoachwa nje vina neno la kusema. Kiatu ndicho kilichokuwa dawa. Ndicho kilichowafaa wengine. Mwenye duka, mhasibu, fundi wa umeme, daktari, mfagiaji wa barabara, kila mmoja ameiacha nje sehemu ile ya nafsi yake ambayo mji unaihitaji na kuilipa mshahara. Anayeingia ndani ni mtu aliyebaki baada ya manufaa yake kuvuliwa. Hekalu, kwa maana hiyo, ni mahali ambapo nusu ya pili ya methali haifiki. Asiye Mhindu akilizuru anakutana na jirani yake katika hali ambayo sokoni haonekani nayo, naye analazimika kujiuliza kama amewahi kumjua.

Historia ya Maskati inasimulia kisa kinachoonyesha kwamba swali hili ni la zamani. Wareno waliuteka mji mwaka 1507 na kuushikilia hadi Januari 1650, walipofukuzwa na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaariba. Mwanahistoria wa Oman wa karne ya 19, Ibn Ruzaiq, anahusisha ushindi ule na Baniani mmoja aitwaye Narottam, aliyekuwa akiwauzia Wareno mahitaji ya ngome. Jemadari wao, Pereira, alimtaka binti wa Narottam. Baba alikataa, kwa kuwa dini yake haikuruhusu ndoa hiyo. Aliposhurutishwa alijifanya amekubali, akaomba muda wa maandalizi, na katika muda huo akamshauri jemadari kuwa maji ya ngome, chakula na baruti vimekaa mno na vinahitaji kubadilishwa. Vya zamani vilipokwisha kutolewa, vipya havikuletwa. Habari ilipelekwa kwa Imamu, na ngome ikaanguka. Inasimuliwa kwamba Imamu alimlipa Narottam kwa kumsamehe kodi ya jizia.

Wanahistoria wanaweza kubishana ni kiasi gani cha kisa hiki kilitokea na kiasi gani kilinogeshwa barazani. Kwa mtazamo wa maadili, kinachovutia ni mpangilio wake. Pereira alikwisha kukifaidi kiatu cha Narottam kwa miaka: ndiye aliyemlisha. Kosa lake halikuwa ubahili wala matusi. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba mtu aliyemfungulia duka amekwisha kumfungulia nyumba. Hakukijua kizingiti. Imamu naye, ukimtazama kwa jicho kali, hakufanya zaidi ya kulipa huduma: Baniani alimfaa, akapewa thawabu. Hata hivyo kuna tofauti kati ya watu hawa wawili, na si ndogo. Malipo ya Imamu yalimwacha Narottam na binti yake, dini yake na nyumba yake. Utawala mmoja uliipenda bidhaa ukataka na ya ndani; mwingine uliipenda bidhaa ukaiacha ya ndani kwa mwenyewe.

Karne moja baadaye msafiri Carsten Niebuhr, aliyefika Maskati mwaka 1765 akiwa katika safari iliyogharimiwa na mfalme wa Denmark, aliwakadiria Mabaniani wa mji huo kuwa wasiopungua 1,200, na akaandika kwamba hapakuwa na mji mwingine wa Waislamu aliouona wenye Wahindi wengi kiasi hicho. Aliyataja na mambo waliyoruhusiwa: kufuata sheria zao, kuja na wake zao, kuweka masanamu katika vyumba vyao, na kuchoma maiti zao. Orodha hiyo inastahili kusomwa taratibu. Ruhusa ya kuuza kitambaa haihitaji maelezo, kwa kuwa mtawala hukusanya ushuru juu yake. Lakini maiti inayochomwa inamletea mtawala faida gani? Sanamu iliyowekwa chumbani haitozwi forodha. Sheria ya Kiislamu inaamuru maiti iheshimiwe na izikwe, na macho ya Waislamu wa Maskati hayakuweza kuuona moshi ule bila kutaharuki. Pamoja na hayo, ruhusa ilitolewa.

Mwenye shaka atajibu upesi. Atasema kwamba mfanyabiashara asiyeruhusiwa kumchoma baba yake atahamia bandari nyingine, na ushuru utahama naye. Kwa hiyo hata moshi wa maiti ulikuwa na hesabu yake katika daftari la forodha. Jibu hili lina nguvu na halifai kupuuzwa. Uvumilivu mwingi duniani umezaliwa na hesabu za namna hiyo. Lakini asili ya kitu si lazima iwe ndiyo hatima yake. Mtu anaweza kuanza kumnyamazia jirani kwa sababu anamhitaji, na baada ya vizazi viwili akajikuta anamheshimu kwa sababu amemzoea; na mazoea, yakidumu, huzaa aina ya haki ambayo hakuna aliyeikusudia. Swali la kupima si kwa nini ruhusa ilitolewa siku ya kwanza. Swali ni kama ingebaki siku ambayo hesabu ya faida ingegeuka.

Kipimo hicho kinaupeleka mjadala Unguja, kwa kuwa Maskati na Unguja zilikuwa milki moja yenye vichwa viwili, na methali yenyewe ni ya upande huo. Seyyid Said bin Sultan alipoyahamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830 na 1840, Mabhatia walimfuata. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, yenye asili yake Mundra huko Kutch, ilikodishwa forodha ya Unguja kwa muda mrefu: ililipa kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, nayo ikajikusanyia ushuru. Fedha za nyumba hizi ziliendesha misafara ya pembe za ndovu na mashamba ya karafuu. Waarabu wengi wenye mashamba waliweka rehani minazi na mikarafuu yao, wakalala wakiota madeni. Kwa hiyo neno "mbaya" katika methali halikutokana na chuki ya dini peke yake. Limebeba pia uchungu wa mwenye deni mbele ya mwenye daftari. Kwa mwenye deni, dawa na ugonjwa vilitoka katika duka moja.

Katika hesabu hiyohiyo yumo mtu wa tatu, ambaye methali haikumtaja. Mashamba yale yalilimwa na watumwa. Misafara ile ilibebwa na watu waliobebeshwa. Mwaka 1860 balozi mdogo wa Uingereza, Christopher Rigby, aliwalazimisha Wahindi aliowahesabu kuwa raia wa Kiingereza kuwaacha huru watumwa wao, na kwa kulazimishwa huko ikadhihirika kwamba walikuwa nao. Mwarabu na Baniani, kila mmoja alikitambua kizingiti cha mwenziwe: huyu hakuingia hekaluni kwa nguvu, yule hakumgusa wa msikitini. Lakini mtumwa hakuwa na kizingiti. Mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mwenye fimbo. Jina lake lilibadilishwa, mungu wa kwao hakuulizwa, mtoto wake aliuzwa. Anayeisifu bahari ya Hindi kwa kuvumiliana kwa dini zake, na watu wanaoisifu hivyo ni wengi, anawiwa kukumbuka kwamba heshima ile ilikuwa mkataba wa wenye nyumba. Maadili yanayomtambulia jirani chumba cha ndani kwa sababu jirani ana mali bado hayajawa maadili kamili.

Wasomaji wengi wa Kiswahili walioko Maskati leo wanalijua jambo hili kwa ngozi zao. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964, familia nyingi zenye nasaba ya Oman ziliondoka Unguja na Pemba, nyingine kwa majahazi, nyingine kupitia Mombasa, Dar es Salaam, Cairo au Dubai. Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani wa nje warudi, walirudi. Nchi ilikuwa na shule chache mno, nao walikuwa wamesoma. Walijua Kiingereza, uhasibu, uuguzi, ualimu, uhandisi. Ofisi za serikali mpya, hospitali na kampuni ya mafuta ziliwahitaji. Waliitwa Wazinjibari. Kiarabu chao kilichekwa, mapishi yao yalishangaza, na uarabu wao ulitiliwa shaka na watu waliokuwa binamu zao. Methali iliwageukia: Mzinjibari mgeni, Kiingereza chake dawa.

Na nini kilikuwa chumba chao cha ndani? Kilikuwa Kiswahili. Ofisini waliandika Kiingereza na kujifunza upya Kiarabu cha barua. Jioni, mlango ulipofungwa, bibi alisimulia, mama aligombeza na wageni walikaribishwa kwa lugha ambayo haikumpandisha mtu cheo. Lugha hiyo haikuuzwa sokoni, wala haikuhitajika na taifa. Iliendelea kwa kuwa bila yake nyumba isingekuwa nyumba. Mtu aliyewahi kulinda chumba kama hicho ana sababu ya pekee ya kukitambua cha mwingine. Anapoona Mbhatia wa kizazi cha tano au cha sita akivua viatu Motishwar Mandir na kuanza kusema Kikachchhi na wazee wake, anapaswa kuona kitu anachokijua.

Lakini kukitambua chumba si kukiingia, na kukiingia si kukishiriki. Hapa ndipo suala la kuzuru linapokuwa gumu, na ugumu wake usifichwe kwa maneno laini. Mwislamu anayesimama mbele ya lingamu anasimama mbele ya kile ambacho dini yake inakiita shirki, nayo ni dhambi kubwa kuliko zote katika mizani yake. Anayesema kwamba dini zote ni njia moja, na kwamba tofauti ni za majina tu, hamheshimu Mhindu wala Mwislamu. Amewanyang'anya wote wawili kile wanachokiamini kwa dhati, akawapa badala yake imani yake mwenyewe ambayo hawakuiomba. Heshima huanzia pale tofauti inapokubaliwa kuwa tofauti.

Zipo basi namna tatu za kuzuru ambazo kila moja ina upungufu wake. Ya kwanza ni ya mtalii, anayeingia kama anayeingia makumbusho. Hana uadui, ila anampiga picha mwanamke aliyefumba macho kana kwamba ni sehemu ya nakshi. Ya pili ni ya mwigaji, anayefurahi kupakwa alama ya paji la uso, kuunganisha viganja na kuinama, kisha akatoka akidai kwamba amekuwa mwenzao kwa dakika kumi. Huyu anadhani anatoa heshima, kumbe anaikopa ibada ya watu bila nia ya kulipa. Ya tatu ni ya mwenye kujikunyata, anayeingia kwa shida, uso umekunjwa, akionyesha kwa mwili wote kwamba ametua pachafu. Huyu afadhali angebaki nje, na kubaki nje kungekuwa adabu zaidi.

Fikra ya Kiislamu ina hazina ya kutosha ya kuipata njia ya nne. Sura ya 109 ya Kurani, Al-Kafirun, inakataa kuchanganya ibada na papo hapo inauachia kila upande dini yake. Sura ya sita, Al-An'am, katika aya ya 108, inawakataza waumini kuwatukana wale wanaoombwa badala ya Mungu. Na kuna kisa kinachosimuliwa juu ya Khalifa Umar bin al-Khattab alipoingia Yerusalemu: wakati wa sala ulimkuta ndani ya kanisa la Kaburi Takatifu, patriaki akamkaribisha asali humo humo, naye akatoka nje kusali, akihofia kwamba Waislamu wa baadaye wangelidai kanisa kwa hoja kwamba Umar alisali hapo. Aliingia, akatazama, akakataa kufanya ndani mle kile kilichokuwa chake. Kukataa kwake kulikuwa ndiko kuheshimu kwake. Alijua kwamba hata ibada njema, ikifanywa mahali pa mwingine, inaweza kugeuka kuwa hati ya kumiliki.

Mfano mdogo wa kila siku unaonyesha kanuni hiyo inavyofanya kazi. Baada ya ibada, kuhani wa hekalu hugawa prasadi, yaani tamu au tunda lililotolewa kwanza mbele ya mungu. Kwa Mhindu, kumpa mgeni prasadi ni ukarimu. Kwa Mwislamu, chakula kilichotolewa kwa asiyekuwa Mungu hakiliki. Akikila ili asimuudhi mwenyeji, ameutoa uadilifu wake kwa malipo ya tabasamu. Akikisukuma kwa chuki, amemjeruhi mtu aliyemnyooshea mkono. Adabu ya pwani inajua la kufanya: mkono kifuani, shukrani kwa sauti ya chini, na neno moja la kweli kwamba dini yake haimruhusu. Mwenyeji mwenye akili hakasiriki, kwa kuwa naye nyumbani kwa jirani Mwislamu hukataa nyama kwa namna hiyohiyo, na hakuna anayemwita mbaya. Urafiki unaostahimili kukataliana chakula una mizizi mirefu kuliko ule unaohitaji kila mmoja ale cha mwenziwe.

Njia ya nne ina mwalimu wake mkubwa, naye anatoka katika zama za damu. Mwanzoni mwa karne ya 11, Mahmud wa Ghazni aliivamia India mara kwa mara, na katika majira ya baridi ya 1025 hadi 1026 alilipora hekalu la Shiva la Somnath, kwenye pwani ya Gujarat, si mbali na bandari ambazo baadaye Mabaniani wangepanda majahazi kuja Maskati na Unguja. Katika milki ya Mahmud huyohuyo aliishi Abu Raihan al-Biruni. Alijifunza Kisanskriti kwa taabu, akakaa na wanazuoni wa Kihindu, na karibu na mwaka 1030 akaandika kitabu kikubwa juu ya India, akikusudia kuyaeleza mafundisho yao kama wanavyoyaeleza wenyewe. Hakuacha kuwa Mwislamu, wala hakuficha alipopinga. Aliandika pia, bila kuzunguka, kwamba mashambulizi ya Mahmud yaliiharibu neema ya nchi na kuwatia Wahindu chuki isiyokwisha dhidi ya Waislamu. Watu wawili wa dini moja na wa milki moja walivuka kizingiti kimoja. Mmoja alitoka na dhahabu. Mwingine alitoka na maarifa, na mahekalu aliyoyaeleza aliyaacha na mali yake yote.

Mgeni asifikiri, hata hivyo, kwamba kizingiti ni jambo la dini mbili tu. Waumini wengi wanaojaza mahekalu ya Maskati siku hizi, Motishwar Mandir na lile la Krishna huko Darsait, si Mabhatia. Ni wafanyakazi kutoka pande zote za India, na wengi wao wanatoka kusini, Kerala na Tamil Nadu, nchi za mahekalu makongwe kuliko karibu kila jengo la Oman linaloabudiwa ndani yake leo. Huko kusini suala la nani aingie limepiganiwa kwa uchungu. Hekalu la Krishna la Guruvayur haliruhusu wasio Wahindu kuingia. Katika hekalu la Meenakshi la Madurai, mgeni huweza kutembea katika kumbi za nje, lakini si mahali patakatifu penyewe, pale kwenye chumba kidogo cha giza ambacho jina lake la Kisanskriti lina maana ya nyumba ya tumbo la uzazi. Hata waumini wenyewe huishia mlangoni pake, na anayeingia ni kuhani peke yake.

Lakini kizingiti hichohicho kiliwahi kutumiwa kuwadhalilisha Wahindu wenyewe. Kwa karne nyingi watu wa matabaka yaliyoitwa ya chini walizuiwa kuingia katika mahekalu ya Kerala, na mahali pengine hata kupita katika barabara zinazoyazunguka. Mwaka 1924 na 1925 mji wa Vaikom ulishuhudia mapambano ya amani kwa ajili ya barabara hizo, na tarehe 12 Novemba 1936 maharaja wa Travancore alitoa tangazo la kuwafungulia Wahindu wote mahekalu yaliyokuwa chini ya utawala wake. Kutokana na historia hii mtu anaweza kutenganisha vizingiti vya aina mbili. Kimoja kinamwambia mgeni anayetaka kutazama: hapa pana siri isiyokuhusu. Kingine kinamwambia ndugu anayetaka kusali: wewe si mtu wa kutosha. Cha kwanza kinalinda kitakatifu. Cha pili kinakitumia kitakatifu kumlinda mwenye cheo. Mwislamu hana haki ya kulalamikia cha kwanza, kwa kuwa Makka nayo imefungwa kwa wasio Waislamu, na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos uliofunguliwa Maskati mwaka 2001 unawapokea wageni wa dini nyingine asubuhi tu, na si Ijumaa. Cha pili kinamhusu kila mtu, popote kinapojengwa.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika andiko lake la mwaka 1795 juu ya amani ya kudumu, alitofautisha haki ya kuzuru na haki ya kufanywa mgeni wa nyumbani. Kila binadamu, kwa kuwa dunia ni ya duara na watu hawawezi kutawanyika bila mwisho, ana haki ya kufika kwa wengine asitendewe kama adui; lakini kukaa kunahitaji mapatano ya hisani. Watu wa pwani walilieleza jambo hili kwa mzaha: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ghuba imeigeuza methali hiyo. Mgeni wake hupewa jembe tangu siku ya kwanza, na siku ya tatu haimfanyi kuwa mwenyeji. Zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa Oman ni wageni wa kazi, na ukaazi wao umefungwa kwenye ajira. Ni kweli kwamba sheria ya msingi ya nchi, ya mwaka 1996 na ile iliyoifuata mwaka 2021, inalinda uhuru wa kutekeleza ibada usiovuruga utulivu wa umma. Ni kweli pia kwamba Kanaksi Khimji, mzee wa nyumba ya biashara iliyoanza Maskati mwaka 1870, alipewa na Sultan Qaboos cheo cha shekhe, akabaki Mhindu, na akafariki mwaka 2021 akiheshimiwa na mji mzima. Hayo ni mambo makubwa, na mahali pengi duniani hayapo. Lakini Khimji alikuwa na kiatu cha dhahabu. Kipimo kamili ni yule mfanyakazi wa ujenzi anayesimama kwenye mstari wa Shivaratri akiwa na chupa ya maziwa.

Mtu huyu mji unamjua kwa mikono yake. Unajua saa zake za kazi na namba ya kibali chake. Usiku mmoja kwa mwaka, mgeni aliyekuja kuzuru hekalu anaweza kumwona akiwa amesimama mbele ya kitu ambacho hakimlipi na ambacho hakuna mwajiri aliyemwagiza akifanyie. Haulizwi na mgeni kuhusu kitu hicho kama ni cha kweli. Mgeni ana jibu lake na ana haki nalo. Anachoulizwa mgeni ni kama ameelewa kwamba mtu huyu alikuwa hivi mwaka mzima, chini ya jua, juu ya jukwaa la ujenzi, wakati kilichoonekana ni mikono tu.

Hapo methali inaweza kurudishwa kwa wenyewe kwa hesabu mpya. Kumfaidi mtu si kumkubali, hata faida ikidumu miaka mia tano. Kumkubali hakumtaki Mwislamu aabudu cha Mhindu, wala ale cha hekaluni, wala aipunguze imani yake hata kwa punje. Kunamtaka akiri kwamba jirani ana chumba cha ndani, akilinde dhidi ya mwenye kukivunja, hata kama mwenye kukivunja ni wa dini yake, na amtambulie chumba hicho hata yule asiye na mali, ambaye mababu wa pande zote mbili hawakumtambulia. Asubuhi inayofuata Shivaratri maduka ya Matrah hufunguliwa kama kawaida. Mwenye duka amekwisha kuvaa viatu vyake, na Mzinjibari anayekuja kununua kitambaa atabishana naye bei kwa ukali uleule wa jana, kwa Kiarabu, Kihindi na vijineno vya Kiswahili. Bei huenda isishuke. Lakini aliyemwona bila viatu hawezi tena kuitamka nusu ya kwanza ya methali kwa wepesi aliokuwa nao.